Dhahabu Tunaipima, Betri Je?

Leo tunataka kuzungumza juu ya kitu kidogo cha ndani ya nyumba ambacho kinakula pesa zetu kimya kimya, nacho ni betri.

Sisi ni wanawake wa visiwani tuliofuata ndoa, kazi na biashara hadi huku Shinyanga na Geita. Tunaishi kwenye nchi ya dhahabu, na huku kila kitu hupimwa. Tangu soko la dhahabu la Geita lilipofunguliwa Machi 2019, mchimbaji mdogo anajua kwamba mali yake haitatajwa bei kabla haijawekwa kwenye mizani na kupimwa usafi wake. Hata nukta ya gramu watu huigombania. Lakini mtu huyo huyo akitoka sokoni na kuingia duka la tochi, ananunua betri kwa maneno matupu. Anaambiwa "hii ndiyo yenyewe", anaona namba kubwa ubavuni, analipa na kuondoka.

Maoni yetu ni haya: betri ya lithiamu ya kuchaji ndiyo chaguo zuri kwa vyombo vingi vya nyumbani, lakini kwa sharti kwamba tuinunue kwa kipimo kama tunavyonunua dhahabu. Tukiinunua kwa macho tu, tutapata hasara kubwa kuliko ile ya betri kavu za zamani, na tutaingiza hatari chumbani kwa watoto.

Kwa nini jambo hili ni la wanawake? Kwa sababu anayetumwa dukani betri zinapokwisha ni sisi au watoto wetu, na pesa inatoka kwenye matumizi ya jikoni. Umeme umefika vijiji vingi vya huku, lakini nguzo kupita barabarani si sawa na taa kuwaka kila chumba. Tochi ya kichwani anayoingia nayo baba kwenye duara ndiyo hiyo hiyo mtoto anayosomea usiku. Mama lishe wa Katoro anawasha moto alfajiri, kabla hakujapambazuka, akiwa na tochi kichwani. Na wasomaji wetu wa Unguja hawana haja ya kuhadithiwa. Kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010 kisiwa kilikaa miezi mitatu bila umeme wa gridi baada ya hitilafu kwenye laini ya umeme utokao bara. Aliyepita miezi ile anajua thamani ya kurunzi inayowaka.

Tuanze na hesabu. Tuseme tochi ya nyumbani kwako inakula betri kavu mbili kila wiki, na mbili hizo ni shilingi 1,000. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo umetoa shilingi 52,000 na umetupa betri 104. Weka bei ya duka lako, hesabu itabadilika kidogo lakini maana itabaki pale pale. Tochi yenye betri ya lithiamu ya kweli, hata ikiuzwa shilingi 20,000, itakuwa imejilipa kabla ya miezi mitano. Betri ya kawaida ya lithiamu hustahimili kuchajiwa kama mara 300 hadi 500 kabla nguvu zake hazijapungua waziwazi. Na kuijaza betri ya tochi mara 100 kunakula chini ya uniti mbili za LUKU. Kama huna umeme na unachajisha dukani kwa malipo, ongeza gharama hiyo kwenye hesabu yako kabla hujaamua.

Hata hivyo hatusemi ubadilishe kila kitu. Rimoti na saa ya ukutani hula umeme kidogo sana, na betri kavu nzuri hukaa humo miezi mingi. Kuweka huko betri ya bei ni israfu. Betri ya kuchaji ni ya vyombo vinavyofanya kazi kila siku: tochi, redio, taa ya kusomea, feni ndogo, simu.

Sasa tuje kwenye namba, maana hapo ndipo tunapopunjwa. Betri nyingi za tochi za kuchaji ni zile za mviringo zinazoitwa 18650. Jina hilo ni vipimo vyake tu: upana milimita 18, urefu milimita 65. Uwezo wake huandikwa kwa mAh, yaani kiasi cha umeme inachoweza kubeba. Betri nyingi za kweli za umbo hilo, hata zitoke kiwanda bora kiasi gani, hubeba kati ya mAh 2,000 na 3,500. Kwa hiyo ukiona betri ya ukubwa huo imeandikwa 6,800 au 9,900, usifurahi. Umeshikishwa uongo ulioandikwa kwa rangi nzuri. Kupunja kipimo si jambo dogo kwetu. Qur'ani ina sura nzima yenye jina la wapunjaji, Al-Mutaffifin, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba betri zimesamehewa.

Hapa ndipo mizani inapoingia. Betri ya kweli ya 18650 ina uzito wa gramu 45 hivi, pengine 48. Ya bandia mara nyingi huwa nyepesi sana, kwa sababu ndani yake mna betri ndogo iliyovishwa koti kubwa. Huku kwetu mizani ya gramu haikosekani, na wa visiwani wanaweza kutumia mizani ndogo ya jikoni, ile ya kupimia hamira na iliki. Ikisoma gramu 30, irudishe kwa mwenyewe. Lakini uzito peke yake si hukumu. Wapo wanaojaza mchanga au unga ndani ili betri iwe nzito, kwa hiyo kipimo cha pili ni cha muda. Ichaji hadi ijae, washa taa, angalia saa. Betri ya mAh 3,000 ina nguvu ya kuwasha taa ya wati moja kwa karibu saa kumi. Ikizimika baada ya saa tatu, umeshajua ulichonunua. Mwambie muuzaji mapema kwamba utaipima, na mkubaliane siku za kurudisha. Mfanyabiashara mwaminifu hatachukia.

Pawabenki nazo zina fumbo lao, ila hili si la wizi. Namba ya 20,000 mAh huhesabiwa kwa nguvu ya betri zilizo ndani, volti 3.7. Umeme ukitoka kwenda kwenye simu hupandishwa hadi volti 5, na mwingine hupotea kwa joto. Ndiyo maana simu hupokea kama theluthi mbili tu ya namba iliyoandikwa. Kipimo cha haki zaidi ni saa-wati, ambacho huandikwa Wh. Pawabenki ya kweli ya 20,000 ina Wh 74. Kile kidude ambacho kwa saizi ni sawa na kiberiti na kimeandikwa 50,000, kiacheni hapo hapo. Na mnaojiandaa kwa safari ya Umra mkumbuke kwamba pawabenki husafiri kwenye begi la mkononi, haiwekwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, na ikizidi Wh 100 inahitaji ruhusa ya shirika la ndege.

Jambo jingine ni kulinganisha volti. Betri kavu ina volti 1.5. Betri ya lithiamu ya kawaida ina 3.7. Zipo betri za lithiamu zenye umbo sawasawa na betri ndogo za redio, na mtoto anaweza kuzichomeka bila shida yoyote. Redio iliyotengenezwa kwa volti 1.5 kila betri itapokea zaidi ya mara mbili ya nguvu yake, na inaweza kuungua. Kuingia si kufaa. Soma volti kwanza, kisha mAh, bei iwe ya mwisho.

Kwa nyumba zenye sola na televisheni, wengi bado tunatumia betri za gari zenye risasi na tindikali. Betri ya gari imetengenezwa kuwasha injini kwa nguvu ya mara moja. Kazi ya kutoa umeme taratibu usiku kucha si yake, na ndiyo maana hufa mapema. Hata ile ya sola yenye risasi haipendi kutumiwa zaidi ya nusu, kwa hiyo ukinunua ya Wh 1,200 jihesabie 600. Aina ya lithiamu inayoitwa fosfeti ya chuma, ambayo huandikwa LiFePO4, unaweza kuitumia hadi asilimia 80 au zaidi, na hustahimili kuchajiwa mara 2,000 na kupita. Ni tulivu zaidi kwenye joto, na joto la Shinyanga mnalijua. Bei yake inatisha mtu mmoja, lakini haitishi kikoba. Kama kikoba kinaweza kununuliana vyombo na magodoro, kinaweza kununuliana betri ya nyumba kwa zamu, na kikundi kikinunua pamoja kinaweza kudai dhamana ya maandishi. Hakikisheni tu kwamba chaja ya sola mliyo nayo inafaa aina hiyo ya betri.

Usalama nao tusiupuuze. Tulizoea kuanika betri kavu juani zikichoka ili zitoe mwanga wa siku moja mbili zaidi. Betri ya lithiamu usiianike kamwe, na usiichajie chini ya bati lenye moto wa mchana. Usichaji kitandani, chini ya mto wala karibu na neti. Ikivimba, acha kuitumia siku hiyo hiyo. Usiitoboe. Iweke nje kwenye kopo la chuma lenye mchanga mkavu, mbali na nyumba. Ikishika moto, kazi ya kwanza ni kutoa watoto nje, kwa sababu moshi wake ni sumu. Na zile betri bapa kama kitufe ziwe mbali na mikono ya wadogo. Mtoto akimeza moja inaweza kumuunguza koo ndani ya saa mbili, kwa hiyo mkimbize hospitali bila kungoja dalili.

Limebaki swali ambalo wengi hatulitaki: betri ikifa inakwenda wapi? Watu wa ukanda huu wanajua vizuri habari ya madini yanayoachwa ovyo. Zebaki ilitumika kukamatia dhahabu kwenye karai miaka mingi, na mvuke wake ukavutwa na wanawake na watoto waliokuwa karibu na moto. Tusirudie jambo lile lile kwa kitu kingine.

Mombasa walijifunza kwa machungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata risasi. Phyllis Omido, mama aliyefanya kazi pale, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini. Akaanza kudai haki yeye na majirani zake, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Ni mama mmoja aliyeuliza mwanangu anaumwa nini, na hakukubali kunyamazishwa.

Kwa hiyo tusiuze betri ya risasi kwa mtu anayeipasua uani na kumwaga tindikali mchangani. Za lithiamu tusizitupe jalalani wala jikoni kwenye moto. Ziwekwe plasta kwenye ncha, zihifadhiwe pakavu, na tuwaulize NEMC bara, au ZEMA kwa Zanzibar, mkusanyaji mwenye kibali yuko wapi. Muuzaji anayejaza duka betri mpya awe na ndoo ya kupokea zilizokufa. Wateja tukidai pamoja ataiweka.

TBS, ZBS na Tume ya Ushindani nao tunawaomba waje kwenye maduka ya Kahama, Katoro na Darajani wakiwa na mizani. Betri iliyoandikwa 9,900 haihitaji maabara kuijua. Ukanda huu unatajwa sana sasa katika habari za betri za dunia, kwa kuwa nikeli ya Kabanga, kule Ngara, imepangiwa kusafishwa Kahama, kwenye eneo la uliokuwa mgodi wa Buzwagi. Itakuwa aibu ardhi yetu itoe madini ya betri nzuri, halafu sisi turudishiwe zilizojazwa mchanga.

Basi dada zetu, safari ijayo ukitumwa betri usiulize "bei gani?" kwanza. Uliza volti, uliza mAh, uliza dhamana, kisha omba mizani. Muuzaji akicheka, mwache acheke. Pesa ni yako, na watakaolala chumba kimoja na betri hiyo ni wanao.