Yai la kuchemsha lina mwenyewe, yai la kwenye chapati ni la wote

Leo tuongee kuhusu chakula ambacho ni vigumu kumkuta mtoto wa Bukoba au Muleba akikikataa: chapati za maji. Utazikuta asubuhi Kashai na Rwamishenye, utazikuta Kamachumu na Nshamba, zimepangwa kwenye sahani kando ya birika la chai. Hazina kazi ya kukanda, hazisubiri unga uumuke, na mama anayewahi shambani au kazini anaweza kulisha nyumba nzima kwa nusu saa.

Tatizo ni kile tunachotia ndani. Wengi wetu tunachanganya unga wa ngano, maji, sukari na chumvi kidogo, kisha mafuta ya kukaangia. Mtoto anaondoka ameshiba, lakini ikifika saa nne darasani tumbo linanguruma. Tupige hesabu pamoja. Vikombe viwili na nusu vya unga wa ngano vina takriban gramu 30 za protini. Ukipata chapati 12, kila moja ina gramu 2 na nusu. Mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji karibu gramu 19 kwa siku. Akila chapati mbili na chai ya rangi, ameanza siku na gramu 5 tu, na mchana huenda akakutana na ndizi, ambazo zenyewe zina protini kidogo sana: gramu 100 za ndizi zina kama gramu 1.

Ndizi hatuzisemi vibaya, maana ndizo zilizotukuza. Wazee wetu walijua kuwa ndizi hazitembei peke yake, ndiyo maana wakazipika na maharage. Ila asubuhi maharage hayapo mezani.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Kwa Kagera ni asilimia 34. Huu ni mkoa wenye migomba, maharage, ng'ombe na ziwa zima la samaki! Udumavu una sababu nyingi, yakiwemo magonjwa ya mara kwa mara, maji yasiyo salama na lishe duni ya mama mjamzito. Lakini sababu mojawapo iko mikononi mwetu kila asubuhi: chakula kizuri kipo nyumbani, na hakifiki kwenye sahani ya mtoto.

Angalia safari ya yai. Kuku watatu wanataga uani. Mayai mengi yanauzwa, mengine yanaachwa yaatamiwe. Linalobaki linachemshwa, na yai la kuchemsha lina mwenyewe: ni la baba, ni la mgeni, au ni la kitinda mimba anayelia. Watoto wengine wanatazama. Mama hata hahesabiwi. Mtindo huu una historia yake. Zamani wanawake wa Kihaya walikuwa wakikamata senene msimu ukifika, wakawasafisha na kuwapika, lakini mila haikuwaruhusu kuwala. Kazi yao, utamu wa mwingine. Siku hizi wengi wanakula senene bila wasiwasi, lakini kwenye yai, maziwa na kipande cha samaki bado mgawanyo wa zamani unajificha.

Hapo ndipo chapati ya maji inapotusaidia. Yai likishapigwa ndani ya unga, halina tena mwenyewe. Mayai matatu yanagawanyika sawa kwa watu sita, bila ugomvi na bila kumnyima baba kitu.

Mahitaji (chapati 12, watu sita)

Tumia kikombe cha robo lita.
- Unga wa ngano vikombe 2
- Unga wa soya iliyokaangwa nusu kikombe
- Mayai 3
- Maziwa yaliyochemshwa na kupoa kikombe 1 na nusu
- Ndizi kisukari 2 zilizoiva sana, badala ya sukari
- Chumvi nusu kijiko cha chai
- Maji kidogo ya kulegeza
- Mafuta kidogo ya kupaka kikaango

Namna ya kuandaa

Ponda ndizi kwa uma hadi zilainike kabisa. Ongeza mayai, piga vizuri, kisha mimina maziwa. Katika bakuli jingine changanya unga wa ngano, unga wa soya na chumvi. Mimina ule mchanganyiko wa maziwa kidogo kidogo huku ukikoroga, ili usipate mabonge. Uache utulie dakika 15. Unga wa soya hunywa maji, kwa hiyo utaona mchanganyiko umekuwa mzito. Ongeza maji hadi uwe kama uji mwepesi.

Pasha kikaango kwenye moto mdogo, paka mafuta, mimina upawa mmoja na uzungushe kikaango ili utandae. Pika kama dakika mbili kila upande. Usiharakishe kwa moto mkali, kwa sababu sukari ya ndizi inaungua mapema na kuacha katikati pabichi. Aliye na ile mashine ya umeme inayochoma keki zenye vyumba vyumba anaweza kutumia mchanganyiko huu huu, apunguze maji tu uwe mzito.

Sasa rudia hesabu. Unga wa ngano unatupa gramu 25 hivi, soya 17, mayai 18 na maziwa 12. Jumla ni gramu 72, yaani gramu 6 kwa kila chapati. Mtoto aliyekula mbili amepata gramu 12, zaidi ya nusu ya mahitaji yake ya siku nzima, kabla hajavaa viatu vya shule.

Angalizo kuhusu soya. Soya mbichi inazuia tumbo kumeng'enya protini vizuri, na chapati haikai motoni muda wa kutosha kuondoa tatizo hilo. Ukinunua unga wake sokoni, uliza kama soya ilikaangwa kabla ya kusagwa. Ukitengeneza nyumbani, chemsha soya nusu saa, mwaga maji, anika hadi zikauke, kaanga hadi zinukie, ndipo upeleke mashineni.

Kama mayai hayapo

Tumia maharage ya jana. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina karibu gramu 15 za protini, sawa na mayai mawili na nusu. Yaponde pamoja na maziwa hadi yawe laini, changanya na unga, weka kitunguu badala ya ndizi. Ngano na maharage zinasaidiana: protini inayopungua kwenye nafaka imo kwenye maharage, na inayopungua kwenye maharage imo kwenye nafaka.

Walio Muleba wana bahati nyingine, dagaa wa visiwani, Goziba na Bumbire. Chagua waliokaushwa kwenye vichanja, maana waliokaushwa chini wana mchanga. Waoshe, wakaushe, wakaange bila mafuta, wasage. Vijiko viwili vya chakula vya unga huo, kitunguu na karoti iliyokunwa vinatosha kwenye mchanganyiko mzima, na chumvi ipunguze. Hapo acha ndizi, kwa sababu utamu na dagaa havipatani. Mtoto asiyependa harufu ya dagaa anza naye na kijiko kimoja.

Mambo ya kuzingatia

Mtoto chini ya miezi 6 ni wa maziwa ya mama peke yake. Kuanzia hapo anaweza kupewa vipande vidogo vilivyolainishwa kwa maziwa, pamoja na uji wake. Mara ya kwanza mpe kidogo umtazame, kwa kuwa mayai, soya na hata ngano huwaletea mzio baadhi ya watoto. Ukiona vipele, kutapika au kupumua kwa shida, muwahishe kituo cha afya.

Ukipenda kuongeza karanga zilizosagwa, chambua kwanza. Zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupe, kwa sababu ya sumukuvu ambayo moto wa jikoni hauimalizi.

Chai nayo ina nafasi yake, lakini inazuia mwili kupokea madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na soya. Asubuhi mpe mtoto maziwa au uji, na kipande cha papai au chungwa. Chai akae nayo saa moja baadaye, kama ni lazima.

Mwisho, nina ombi kwa akina baba. Mayai yakitoka uani, mkubaliane na mama mapema ni mangapi yanauzwa na mangapi yanabaki. Matatu kwa siku mbili za juma ni mayai sita tu. Na chapati zikiiva, mama asiwe wa mwisho kula mabaki, hasa akiwa mjamzito au ananyonyesha, kwani mtoto aliye tumboni anakula kupitia sahani yake. Zihesabuni chapati kabla ya kukaa mezani: mbili kwa kila mtu, na za mama zitengwe kwanza.