Mapafu ya Gari

Nyumba nyingi za Pwani siku hizi zina gari moja linalobeba kila jambo: watoto kwenda shule na madrasa, mama kwenda sokoni, mgonjwa kukimbizwa hospitali usiku wa manane. Gari la namna hiyo likilala gereji siku tatu, nyumba nzima huiona taabu yake. Ndiyo maana inafaa wenye nyumba, akina mama wakiwamo, wayajue yale machache wanayoweza kuyafanya kwa mikono yao, na wayajue pia yale ya kuyaacha. Juma hili tutazame njia ya hewa, kwani ndipo vijana wengi wanaojifunza ufundi nyumbani hupenda kuanzia.

Kijana akishaonja ufundi, mara nyingi ombi lake la kwanza ni kung'oa kile kikasha cheusi cha plastiki kilicho kando ya injini, na mahali pake kutia chujio la wazi lenye umbo la pia, au bomba refu linaloteremka hadi nyuma ya bampa. Ameambiwa kwamba gari litapata nguvu na litakula mafuta kidogo. Mzazi anayeombwa fedha hizo ana haki ya kulielewa jambo kabla ya kujibu.

Injini hupumua. Kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Na kwa kuwa hewa ni nyepesi, lita moja tu ya petroli hutaka zaidi ya lita 9,000 za hewa. Yote hiyo hupita katika chujio. Kisha, katika magari mengi, hupita penye kipimo kidogo cha umeme kinachoiarifu kompyuta ya gari ni hewa kiasi gani imeingia, ndipo kompyuta ikapima petroli ya kutoa. Kazi ya chujio ni kulizuia vumbi. Na vumbi la barabara zetu za bara, kule Kwale na Kilifi, lina mchanga ndani yake. Ukifika kwenye silinda, husugua chuma kama msasa.

Sasa tulipime lile ombi. Kwanza, hewa ya moto ni nyepesi kuliko ya baridi. Hewa ya nyuzi 60 chini ya boneti ina uzito pungufu kwa karibu asilimia 9 kuliko ile ya nyuzi 30 iliyo nje. Kikasha cha kiwandani, katika magari mengi, huvuta hewa ya nje kupitia mdomo ulio mbele, karibu na taa. Ukiking'oa na kuacha chujio wazi karibu na injini, huenda gari likavuta joto lake lenyewe. Litanguruma zaidi, naam, lakini mngurumo si nguvu. Kwa injini ya kawaida ya gari la nyumbani, faida huwa ndogo, na mara nyingi husikika masikioni kuliko barabarani.

Pili, habari ya mafuta. Mwaka 2009 maabara ya Oak Ridge nchini Marekani iliyapima magari ya kisasa yaliyozibwa machujio, na haikuona tofauti ya maana katika ulaji wa petroli, kwa kuwa kompyuta huipunguza petroli kwa kadiri ya hewa iliyoingia. Kilichopungua ni wepesi wa gari kushika kasi. Ni magari ya zamani ya kabureta ndiyo yaliyozidi kunywa mafuta chujio lilipoziba.

Tatu, na hili ndilo zito, ni maji. Mvua za masika zikishika, baadhi ya mitaa ya Mombasa hugeuka mito. Bomba lililoteremshwa nyuma ya bampa huufikisha mdomo wa injini karibu na maji hayo. Hewa hukubali kubanwa ndani ya silinda, maji hayakubali. Pistoni ikipanda na kukuta maji, mkono wa chuma unaoishika hupinda au kuvunjika, na injini huwa imekwisha. Basi hata gari lisilobadilishwa chochote, likizima katikati ya maji, dereva asipige stata tena. Lisukumwe hadi pakavu, na fundi afungue plagi kwanza ayatoe maji. Kila aendeshaye gari nyumbani na alijue hili, kabla mawingu hayajakusanyika.

Basi kijana anayetaka kujifunza afanye nini? Alitengeneze lililopo. Gari lisimame mahali tambarare, lizimwe, lipoe, na ufunguo utolewe, maana feni za magari mengi huweza kuzunguka zenyewe ufunguo ukiwa umewashwa. Mikono ya buibui na ncha za mtandio zifungwe vizuri. Afungue vibanio vya kikasha, atazame chujio limelala vipi, kisha alitoe. Alielekeze kwenye mwanga: likiwa halipitishi mwanga, limechanika au limelowa, linunuliwe jipya la kipimo cha gari hilo hilo. Chujio la karatasi halioshwi kwa maji, wala halipulizwi kwa upepo mkali wa kompresa, kwani hutoboka bila kuonekana.

Upande wa chini wa kikasha ufutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, na taka isidondoke upande wa injini. Kile kipimo cha umeme kisiguswe kwa kidole wala kitambaa. Kisha akague lile bomba nene la mpira liendalo kwenye injini. Likiwa na ufa, huvuta hewa isiyopimwa, na gari hutetemeka likiwa limesimama au taa ya injini huwaka. Mwisho arudishe chujio kama lilivyokuwa, ukingo wake wa mpira ukae sawasawa, na vibanio vifungwe vyote.

Kazi hiyo haichukui nusu saa, na binti aweza kuifanya sawa na ndugu yake. Irudiwe kila oili inapobadilishwa. Kwa wanaopita njia za vumbi, mapema zaidi. Ikiwa kijana bado ana hamu ya lile chujio la umbo la pia, na asubiri siku atakapokuwa na gari lake mwenyewe. Hili la sasa ni amana ya nyumba nzima, na fedha za pambo hilo zitafaa zaidi katika tairi na breki.

Juma lijalo, tukijaaliwa, tutazungumzia maji ya rejeta na joto la injini.