Sola ya mkopo isigeuke butura

Wengi wanaonijia na karatasi za sola hapa Nkwenda, wilayani Kyerwa, wana swali moja: nikirudisha huu mtambo, tumemalizana? Mimi ni msaidizi wa kisheria, na mara nyingi nikiusoma mkataba jibu silioni.

Kuna mama mmoja mkulima wa kahawa. Alifungiwa paneli, betri, taa nne na televisheni ndogo. Alitoa kianzio, kisha alipe shilingi 1,000 kila siku kwa miaka mitatu. "Mama, weka dole gumba hapa, ni utaratibu tu," wakala alimwambia. Utaratibu wenyewe ulikuwa kurasa za Kiingereza kitupu, na hakuna aliyempigia hesabu kwamba hiyo ni shilingi 1,095,000, kianzio hakimo. Siku asipotuma hela kwa simu, mtambo unajifunga. Mwaka wa pili betri ikachoka, taa zinazimika hata chakula cha usiku hakijaiva, lakini deni linasonga vilevile. Nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini (REA) zilipofika kijijini, jirani yake akaunganishiwa umeme kwa shilingi 27,000.

Sina ugomvi na sola. Imeondoa koroboi katika vitongoji vingi vya Karagwe na Kyerwa, na kulipa kidogo kidogo kumewafaa wasioweza kununua kwa mkupuo. Ugomvi wangu ni kumdai kila siku mtu anayepata fedha kwa msimu. Kahawa yetu huvunwa kuanzia Mei. Kabla ya hapo kaya inajikongoja kwa maharage na mikungu michache ya ndizi. Giza likiingia na watoto wana mitihani, mlanguzi hakosi kupita, na kahawa inauzwa ingali maua mtini. Hiyo ndiyo butura, ambayo serikali imeipiga marufuku. Tunamfukuza mnunuzi wa butura, lakini mkataba unaomsukuma mkulima kwake hatuugusi.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inataka ridhaa ya hiari. Aliyeridhia kwa kudanganywa anaweza kuukataa mkataba. Ila nani ataacha shamba afuatilie kesi ya betri moja? Ndiyo maana Tume ya Ushindani, yenye jukumu la kumlinda mlaji, inapaswa kuzibana kampuni kabla mambo hayajafika mahakamani. Mkataba uwe wa Kiswahili, bei nzima ionekane ukurasa wa kwanza, na malipo yafuate msimu wa mavuno. Betri ikifa ndani ya dhamana, deni lisimame hadi ibadilishwe. Anayerudisha mtambo ukiwa mzima apewe hati kwamba hadaiwi.

Wenye kampuni watasema hilo litawafilisi. Lakini wao sheria imewawekea pa kutokea. Mobisol ya Ujerumani, iliyokuwa na wateja wengi Tanzania, iliomba ufilisi Aprili 2019, na mwaka huohuo ikanunuliwa na Engie ya Ufaransa. Mwenye mtaji akishindwa ana utaratibu wake; mkulima akishindwa anabaki na deni na giza.

Nawe msomaji, wakala akibisha hodi, mwambie aache karatasi zake ulale nazo. Kesho yake zilete kwa msaidizi wa kisheria aliye karibu nawe. Kusomewa mkataba hakulipiwi hata senti.