Jikoni Mwetu: Mseto wa Pojo Mbele ya Mgeni



Juma hili tunawaletea chakula ambacho wengi wetu hukipika, lakini ni wachache tulio radhi kuonekana tukikipakua. Mgeni akipiga hodi adhuhuri, sufuria ya mseto hufunikwa ikasogezwa pembeni, na mtoto hutumwa mbio buchani kuchukua nusu kilo ya nyama kwa mkopo. Mgeni hula, hushukuru, huenda zake. Deni hubaki, na mwisho wa mwezi hulipwa kwa fedha zilizokuwa za madaftari ya watoto au nauli ya kwenda kliniki. Sisi wenyewe tumefanya hivyo, tena si mara moja. Ndiyo maana tunathubutu kulisema.

Tujiulize basi: mseto una aibu gani? Ni mchele na pojo, zile ambazo watu wa bara huziita ndengu, zilizopikwa chungu kimoja kwa tui la nazi. Hapa Hola hatuvitafuti mbali. Wapokomo wamepanda mpunga kandokando ya Mto Tana tangu zamani, wakiyafuata maji ya mafuriko yanapopungua. Pojo hustahimili ukame, nazo huwahi kukomaa mvua zinapokuwa chache. Nazi hutujia kutoka upande wa pwani. Na samli ya kutia juu, iliyo bora kuliko zote, ni ile ya jirani zetu wafugaji, Waorma na Wardei. Chungu kimoja kimewakusanya mkulima na mfugaji.

Wala si sisi peke yetu. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipofika Bara Hindi baadaye aliwakuta watu wakipika pojo pamoja na mchele, wakitia samli na kufungua nayo kinywa kila asubuhi. Waarabu wana mujaddara yao ya mchele na adesi. Hata Marekani ya Kati, katika nchi ya El Salvador, akina mama huchukua wali na maharagwe mekundu yaliyolala, wakavikaanga pamoja kwa kitunguu na pilipili mboga. Chakula hicho hukiita casamiento, yaani ndoa. Maharagwe ni ya kwao asili. Mchele waliletewa na Wahispania, ambao kilimo chake walikipata kwa Waislamu wa Andalusi. Hadi leo Wahispania huuita mchele arroz, neno lililotokana na Kiarabu.

Jina hilo la ndoa lina ukweli ndani yake. Protini ya mchele ina upungufu ambao pojo huujaza, na protini ya pojo ina upungufu ambao mchele huujaza. Vikiliwa pamoja, mwili hupata kitu kinachokaribia kile ambacho hupewa na nyama. Pojo zina madini ya chuma pia, yanayohitajiwa mno na mama mjamzito na binti aliyekwisha baleghe. Ili mwili uyapokee vyema, kamulia ndimu juu ya sahani, au weka kachumbari ya nyanya na embe bichi kando. Na chai tusiinywe papo hapo pamoja na chakula, kwani huzuia madini hayo. Tungoje kama saa moja hivi.

Kwa watu watano au sita, tayarisha pojo kikombe 1, mchele vikombe 2, nazi 1 kubwa, kitunguu 1, na chumvi kiasi. Chagua pojo kwa makini, maana kijiwe kimoja huharibu karamu nzima. Zioshe, uziloweke tangu asubuhi ili zisile kuni nyingi. Kuna nazi, ukamue tui zito uliweke kando, kisha ukamue tui jepesi la mara ya pili na ya tatu.

Chemsha pojo kwa maji mpaka zianze kupasuka. Tia kitunguu kilichokatwakatwa, chumvi, mchele uliooshwa, na tui jepesi la kufunika mchele na kuzidi kidogo. Acha vichemke kwa moto wa wastani. Maji yakikaribia kukauka, mimina tui zito, geuza kwa mwiko huku ukiponda kidogo, kisha funika na upalie makaa juu ya kifuniko, moto wa chini ukiwa mdogo. Mseto si pilau; hautakiwi kuchambuka. Uwe laini, ushikamane, na unukie nazi.

Pakua ungali moto, utie kijiko cha samli katikati. Samaki wa kukaanga akipatikana, ni heri. Asipopatikana, mtindi unatosha. Na ukibaki, usiumwage. Asubuhi ukaange kwa kitunguu na mafuta kidogo kama wafanyavyo wale wa El Salvador, nao watoto wataenda shule wameshiba.

Turudi sasa kwa yule mgeni mlangoni. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alimchukua sahaba wake Jabir mpaka nyumbani. Vikaletwa vipande vya mkate. Alipouliza kitoweo, akaambiwa hakuna ila siki. Hakumtuma mtu kukopa, wala hakumtahayarisha mwenye kuandaa. Aliisifu siki ile kuwa ni kitoweo chema, naye Jabir akaipenda tangu siku hiyo. Ikiwa nyumba bora kuliko zote ilimkirimu mgeni kwa kilichokuwamo, sisi tunamwogopa nani?

Basi dada zetu, mgeni akija tumpishe mkekani, tumnawishe mikono, na tufunue sufuria mbele yake kwa bashasha. Mwenye uwezo wa nyama aipike, ni halali yake. Asiye nayo asiinunue kwa madaftari ya mwanawe.

Mwenyezi Mungu azibariki riziki zetu, atuepushe na madeni, na azijaze nyumba zetu ukunjufu. Amin.

Wassalaam.