Wauaji wako kule, sisi tunauana kwa maneno huku

Tarehe 27 mwezi wa 7 mwaka 2025, watu wa Komanda, katika Ituri, walikuwa wanasali usiku kanisani. ADF waliwaingilia, wakaua watu zaidi ya 40. Usiku wa tarehe 8 mwezi wa 9, kule Ntoyo katika Lubero, watu walikuwa kwenye kilio, wanalilia marehemu wao. ADF wakafika tena. Zaidi ya watu 60 walikufa.

Kutoka Kisenge kufika kule ni mbali sana. Lakini habari inafika hapa mbele maiti wazikwe, na kila mara inafika na maneno yake. Ku simu, ku soko, pale tunangojea mushahara, mmoja anasema: "Hii ni kazi ya wakubwa wa Kinshasa, banataka kufukuza watu ku udongo wao." Mwingine anajibu: "Hapana, ni ya bale ba zamani, banataka kurudia ku kiti." Wa tatu anasema: "ADF haiko, ni jina tu." Wa nne anaangalia jirani mwenye kuvaa kofia ya muskiti. Nusu saa tu, wafu wamesahauliwa. Inabakia paka mabishano ya vyama.

Wandugu, kuuliza haiko kosa. Watu wa Beni waliuliza tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, wakati mauaji makubwa yalianza: askari wako karibu, kwa nini hawafiki? Walikuwa na haki ya kuuliza. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, na wale wa Groupe d'étude sur le Congo, walienda kusikiliza mashahidi. Waliandika kwamba ADF waliua, na kwamba ADF hawakuwa peke yao: kulikuwa watu wengine ndani, hata maofisa wa jeshi. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulimuwekea azabu jenerali Muhindo Akili Mundos. Ule ukweli haukutoka ku radio trottoir. Ulitoka kwa watu wenye walitafuta jina, fasi, siku na shahidi.

Basi tuangalie vizuri. Mwenye kusema "ADF haiko" anasaidia ADF. Mwenye kusema "ni ADF tu, musiulize kitu ingine" anasaidia ofisa mwenye kuuza raia. Na mwenye kusema "ni kabila fulani, ni chama fulani, ni dini fulani" anasaidia wote wawili, kwa sababu anatuma watu kutafuta muuaji fasi yenye haiko.

Sisi wa kazi tunajua ile mutego. Wakati ukuta wa karieri unaanguka juu ya mwenzetu, hakukosi mutu wa kusema ni ulozi. Na mukubwa wa kazi anapenda sana lile jibu, juu mulozi halipi malipo ya mujane. Delege wa sendika anauliza kingine: nani alikagua ule ukuta? Mvua ilinyesha lini? Nani alitoa amri ya kushuka? PV iko wapi? Kwa maswali ya vile njo mujane anapata haki yake. Uvumi wa siasa ni ulozi ule ule. Unatoa mukosaji mbio mbio, na mukosaji wa kweli analala usingizi.

Hapa Lualaba tumekwisha kulipa bei ya maneno ya vile. Mwezi wa 3 mwaka 1977, Watigre walitoka Angola, wakakamata Dilolo, Kisenge na Kapanga. Wakati jeshi la Mobutu lilirudi, kuwa Lunda peke yake ilitosha mutu ashukiwe. Watu wengi sana walikimbilia Angola, na wengi kati yao hawakushika bunduki hata siku moja. Wazee wetu wangali wanakumbuka.

Kisha ikafika mwaka 1992 na 1993. Watu wa UFERI walisema ndugu zetu wa Kasai njo wanakula kazi yetu. Waliwaita "bilulu", wadudu. Kwanza Likasi, halafu Kolwezi, jamaa zilifukuzwa ku nyumba, zikalala wiki na wiki ku gare kungojea treni. Watoto na wazee walikufa pale. Na sisi wenye tulibakia tulipata nini? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufikisha tani 50,000. Shimo la Kamoto lilikuwa limebomoka tangu 1990, mashine zilichakaa, pesa za kampuni zilikwenda kwa wakubwa. Mufitari wa Kasai hakubomoa Kamoto. Lakini wakati tulikuwa tunamufukuza, hakuna mutu aliyeuliza pesa ziko wapi.

Na tuseme neno juu ya wandugu Waislamu. Tarehe 1 mwezi wa 5 mwaka 2021, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi ndani ya muskiti mukubwa wa Beni, wakati wa sala ya mangaribi. Alikuwa analaumu ADF wazi wazi, mbele ya watu. Mutu mwenye kutukana Mwislamu wa hapa juu ya ADF, anatukana watu wenye walikufa kwa kuipinga.

Tunaomba nini? Kwanza, mbele ya kutuma habari ku WhatsApp, tuulize: nani aliona, wapi, siku gani? Kama jibu haliko, habari ibakie pale pale. Pili, mabishano ya vyama yasiingie ku mukutano wa wafanyakazi. Ku sendika kuko watu wa vyama vyote na wa makabila yote, na mushahara wenye kuchelewa unachelewa kwa wote sawasawa. Tatu, wadeputé wetu, wa serikali na wa upinzani, waache kutupianiana wafu kama mupira. Waombe uchunguzi, waombe tribinali, waombe majina ya maofisa wenye waliitwa kusaidia na hawakufika. Na matokeo yasomwe ku radio kwa Kiswahili, watu wayasikie.

Watu wa Komanda na Ntoyo hawahitaji sisi tutambue ni chama gani kinashinda mabishano ya Kisenge. Wanahitaji muuaji akamatwe, na wenye kumusaidia naye. Ile tunaweza kuomba pamoja. Kama tumegawanyika, hata mushahara wetu hatutaweza kuuomba.