Cheo cha Kununua

Li Tie, mzaliwa wa Shenyang nchini China, alikuwa kiungo hodari. Alicheza Kombe la Dunia la 2002, ambalo hadi leo ndilo pekee taifa lake limefuzu, na mwaka huohuo akajiunga na Everton ya Uingereza. Heshima hiyo aliipata kwa jasho lake.

Cheo cha ukocha hakukipata hivyo. Alikabidhiwa timu ya taifa Januari 2020, akaiacha Desemba 2021. Baadaye alikiri katika televisheni ya taifa kwamba zilitolewa Yuan milioni 3 ili ateuliwe. Tarehe 13 Desemba, 2024, mahakama ya Xianning ilimhukumu kifungo cha miaka 20 kwa kutoa na kupokea rushwa. Miezi tisa kabla yake, Chen Xuyuan, aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha soka, alikuwa amefungwa maisha kwa kupokea rushwa.

Wapo watakaosema adhabu hizo ni kali mno. Lakini yafaa ieleweke kwamba anayenunua cheo hukiona kuwa ni mali yake, naye hutafuta namna ya kurudisha gharama zake. Anayeumia ni kijana anayefanya mazoezi kwa bidii asijue kwamba nafasi ina bei.

Hali kadhalika ofisini na shuleni. Sifa njema za jana si kinga ya makosa ya leo. Cheo ni dhamana. Hakiuzwi, wala hakinunuliwi.