Ukarabati wa Nyumba Zetu: Tuanze na Maji Kabla ya Rangi

 

Ndugu wasomaji, katika Sura An-Nahl, aya ya 80, Allah anatukumbusha kuwa nyumba zetu amezijaalia kuwa mahali pa utulivu. Nayo hadithi iliyopokewa na Ibn Hibban inaitaja nyumba yenye nafasi miongoni mwa mambo ya furaha ya mja hapa duniani, pamoja na mke mwema, jirani mwema na kipando kizuri. Nyumba basi ni neema, na kila neema tutaulizwa tuliitunzaje. Wiki hii tunazungumzia ukarabati wa nyumba, na tunawakusudia hasa ndugu zetu wa bonde la Rufiji na delta yake, katika wilaya za Rufiji na Kibiti.

Sote tunakumbuka masika ya mwaka 2024. Mwezi Aprili Mto Rufiji ulifurika, ukaingia mashambani na majumbani, na familia nyingi zikahama na watoto wao. Kabla watu hawajatulia, mapema mwezi Mei kikaja kimbunga Hidaya, kilichotua Mafia, ng'ambo tu ya delta. Tangu wakati huo nyundo zinasikika katika vijiji vingi, na kila mwenye nyumba anarekebisha kadiri Allah alivyomruzuku. Jambo hilo ni la kushukuriwa. Ila fedha ya kwanza mara nyingi huenda kwenye kile anachokiona mgeni: rangi, dari, mlango wa mbele, vigae vya baraza. Sehemu ya chini ya ukuta, ambako maji yalisimama, hufunikwa kwa lipu na kusahauliwa.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika bonde letu ufa huanzia chini, na anayeuchimba ni maji. Ndiyo maana tunasema ukarabati uanze na maji kabla ya rangi.

Mahali iliposimama nyumba

Swali la kwanza ni kama nyumba hii ikarabatiwe hapo ilipo. Wazee wetu waliujua mto. Katika mashamba ya mpunga walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, wakalinda mazao na kulala humo huku maji yakipita chini. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968, Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwahamishia wengi kutoka bondeni kwenda kwenye miinuko, na mashamba yakabaki chini. Miaka ikapita, shamba likawa mbali, vibanda vya msimu vikageuka nyumba za kudumu.

Leo lipo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, na wako wanaodhani kuwa bonde limeshafungwa. Mafuriko ya mwaka 2024 yalikuja bwawa likiwa limesimama. Anayepiga lipu na kuweka vigae katika nyumba iliyozama hadi dirishani anamtegemea mto usirudi. Hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi inatufundisha kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Kama familia ina kiwanja juu, hata kidogo, fedha ya ukarabati ianze huko, na nyumba ya bondeni irudi kuwa dungu la msimu wa kilimo. Asiye na pa kwenda ainue sakafu yake juu ya alama ya maji iliyobaki ukutani, kadiri atakavyoweza, na vitu vya thamani na nyaraka aviwekee dari imara.

Ukuta wa udongo na lipu ya saruji

Nyumba nyingi za kwetu ni za miti, fito na udongo. Ni nyumba nzuri, zina ubaridi, na zikitunzwa hudumu. Kosa lililoenea ni kuupiga ukuta wa udongo lipu ngumu ya saruji ili ufanane na wa matofali. Udongo hutanuka ukilowa na kusinyaa ukikauka, na saruji haifanyi hivyo. Baada ya msimu mmoja au miwili lipu hupata nyufa, maji yakaingia nyuma yake na yakakosa pa kutokea. Ukuta hulainika kwa ndani huku nje ukionekana mzima, mpaka siku unapoanguka. Hatari ya kuanguka usiku, watoto wakiwa wamelala, si ya kufikirika tu.

Ukuta wa udongo ukandikwe kwa udongo uliochanganywa na mchanga, au upakwe chokaa, kwani vyote viwili huuacha upumue. Saruji iwekwe panapostahili, yaani kwenye msingi. Msingi ulioinuliwa kwa matofali ya saruji, ukiwa na karatasi ya nailoni kati yake na ukuta, huzuia unyevu usipande. Na nyumba iliyoingiwa na maji iachwe ikauke kwanza, milango na madirisha yakiwa wazi, hata kama ni kwa miezi. Rangi iliyopakwa juu ya unyevu itabanduka, nayo fedha itakuwa imepotea.

Kabla ya kazi yoyote, mwenye nyumba achukue kisu akichomeke katika kila nguzo, usawa wa ardhi. Kisu kikizama kama kwenye mkate, nguzo hiyo imeoza au imeliwa na mchwa, na haifai kubebeshwa paa jipya.

Mchanga na maji ya chumvi

Hili linawahusu zaidi ndugu zetu wa visiwa vya delta na wa kando ya Nyamisati, ambako maji ya bahari hupanda na kushuka kila siku. Mchanga wa mkondoni uko mlangoni na ni bure, ilhali ule wa bara unasafirishwa kwa mashua kwa gharama. Lakini mchanga wenye chumvi ukichanganywa na saruji huvuta unyevu, hutoa ungaunga mweupe ukutani na kubandua lipu. Ndani ya zege hali ni mbaya zaidi, kwa kuwa chumvi huozesha nondo, na nondo ikiota kutu huvimba na kulipasua zege. Linta ya namna hiyo inaweza kuanguka na dirisha lake.

Ni heri kupunguza kazi kuliko kupunguza ubora wa mchanga. Mchanga wa bara na maji baridi vitengwe kwa ajili ya msingi na linta. Baada ya kumwaga zege, limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua 7. Saruji inayokaushwa upesi na jua haipati nguvu yake, na nguvu hiyo huendelea kukua hadi kiasi cha siku 28. Fundi anayetaka kupandisha kuta siku ya pili anaharakisha malipo yake na kuidhoofisha nyumba yako.

Kutoka makuti kwenda bati

Kubadili makuti kwa bati ni ndoto ya familia nyingi, na hatuna la kuipinga. Tunatahadharisha mambo mawili. La kwanza ni upenu. Paa la makuti huteremka mbali na ukuta, na kwa hivyo huukinga udongo na mvua. Wengi wanapoezeka bati hufupisha upenu ili waokoe bati mbili tatu, na mvua ya kwanza ya masika huanza kuula ukuta. Ukuta uliopotea huwa ghali kuliko bati zilizookolewa.

La pili ni upepo. Bati hunyanyuliwa kwa urahisi, na misumari peke yake haitoshi. Kenchi zifungwe kwa waya mnene mpaka kwenye nguzo au ukutani, si kuegeshwa tu juu. Mnunuzi wa bati akumbuke pia kuwa geji 30 ni nyembamba kuliko geji 28, ijapokuwa namba yake ni kubwa, na hewa ya chumvi huila bati nyembamba mapema.

Kuhusu miti ya kujengea, delta ya Rufiji ina msitu mkubwa wa mikoko, na kwa karne nyingi boriti zake zilipakiwa majahazini kwenda kuezeka nyumba za Uarabuni. Leo msitu huo ni hifadhi, na anayehitaji miti apate kibali kwa mamlaka ya misitu. Mikoko hiyohiyo ndiyo inayovunja nguvu ya mawimbi yasifike vijijini. Anayeikata kiholela ili atengeneze nyumba yake anaibomoa ya jirani yake.

Fundi, deni na urithi

Sehemu kubwa ya majuto ya ukarabati haitokani na udongo wala bati, bali na makubaliano. Sura Al-Baqara, aya ya 282, inatuamrisha kuandika madeni na kuweka mashahidi, na hekima yake inafaa katika mapatano ya ujenzi. Tuandike kazi ipi, kwa vifaa vya nani, kwa siku ngapi na malipo yagawanyweje. Fundi asilipwe yote mwanzoni. Wala asicheleweshewe ujira alioukamilisha, kwa kuwa Mtume (SAW), katika hadithi aliyoipokea Ibn Majah, ametutaka tumlipe mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka.

Tusikarabati kwa mkopo wa riba. Ukuta uliopigwa lipu kwa riba huleta dhiki ndani ya nyumba iliyokusudiwa kuleta utulivu. Aliye na kidogo atengeneze chumba kimoja mwaka huu, na kingine mwakani.

Jambo la mwisho ndilo linalovunja udugu zaidi. Nyumba nyingi tunazozikarabati ni za marehemu wazazi, na mirathi haijagawanywa. Kaka mmoja anaweka bati, mwingine anaongeza chumba, dada aliyeolewa mbali hashirikishwi. Baada ya miaka 10 aliyejenga anasema nyumba ni yake kwa jasho, na wenziwe wanasema ni ya baba. Wote wana sehemu ya ukweli, na wote wanafikishana barazani kwa hakimu. Allah ameshazipanga hisa katika Sura An-Nisaa, na dada ana fungu lake hata kama hajawahi kununua msumari. Tugawe kwanza. Ikishindikana kugawa kwa sasa, warithi wote wakae, waandike nani ametoa kiasi gani na kwa masharti gani, mashahidi watie saini, kisha ndipo saruji inunuliwe.

Na mume asiamue peke yake. Mama ndiye anayejua maji huingilia wapi mvua inaponyesha, jikoni moshi huelekea wapi, na choo kiko karibu na kisima kiasi gani. Choo kikae mbali na kisima, mita 30 au zaidi, na mdomo wake uinuliwe, kwani mafuriko huchanganya vyote viwili na kuwaachia watoto maradhi. Nyumba iliyozama isirudishiwe umeme kabla fundi mwenye leseni hajakagua nyaya.

Nyumba ikishasimama kavu kuanzia msingi hadi paa, na haki ya kila mtu ikawa imeandikwa, mwenye nyumba na apake rangi aipendayo. Tunamuomba Allah azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu, atukinge na mafuriko na fitina, na awape badala iliyo bora wote waliopoteza makazi yao. Amin.